Mama Mkwe, Kinyozi na Ndoo ya Siki

Mtaani kwao ilijulikana kwamba yule kinyozi wa duka la kona ana mikono ya aina mbili. Kuna ile ya dukani, mikono myepesi na mitulivu, ambayo iliweza kupitisha mashine nyuma ya sikio la mtoto anayelia na kurusha mateke, na mtoto akashuka kitini hana hata mkwaruzo. Na kuna ile ya nyumbani. Hiyo ya nyumbani ndiyo iliyong'oa bomba la sinki ukutani alipotaka kulikaza tu. Ndiyo iliyopigilia msumari wa picha mpaka ukatokea chumba cha pili. Ndiyo iliyofungua feni ili kuifuta vumbi, ikaifunga tena zikabaki skrubu nne mezani ambazo hazikujulikana zilitoka wapi, na tangu siku hiyo feni ikawa inanguruma kama trekta lililokwama matopeni. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alimbandika jina la Kimbunga, na jina likamganda.

Mkewe alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, mwanamke mcheshi lakini asiyetaka mchezo kwenye mambo ya msingi. Baada ya kisa cha feni alilichukua sanduku la vifaa, spana, koleo na bisibisi zote, akalificha.

"Mume wangu," alimwambia, "wewe nakupenda. Lakini na nyumba pia naipenda."

Kinyozi alicheka, maana ilibidi acheke. Ila moyoni lilimkaa. Kuna kutaniwa kunakopita kama upepo, na kuna kule kunakoingia kama mwiba mdogo, hauonekani ila ukikanyaga unaukumbuka.

Basi mwaka ule mama mkwe wake alifanyiwa upasuaji wa goti, akaja kukaa nao mpaka apone. Daktari alimwagiza aliweke goti kwenye maji ya moto asubuhi na jioni, ndipo afanye mazoezi ya kulikunja na kulikunjua. Kwa hilo hapakuwa na shida, kwani nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa nje wa jikoni, ilining'inia hita ya maji: kisanduku cheupe kisichozidi begi la safari, kinachotumia gesi. Haikuwa na tangi la kuhifadhi maji. Ukifungua bomba bafuni, moto unawaka wenyewe mle ndani kwa cheche ya umeme, maji yanapita kwenye vibomba vyembamba juu ya moto huo na kukufikia yakiwa ya moto. Ukifunga bomba, inazima. Walikuwa wameizoea mpaka wameisahau, kama mtu anavyousahau moyo wake.

Siku moja mama mkwe akiwa bafuni, povu limemjaa hadi kwenye nyusi, maji yakawa vuguvugu, kisha yakawa baridi ya kumtoa mtu roho. Ukelele wake ulisikika barabarani. Kuanzia hapo hita ikanuna moja kwa moja. Inawaka kidogo, inazima, na kitaa chekundu cha onyo kinakonyeza.

Wakamwita fundi. Fundi akasema yuko njiani. Kesho yake akasema yuko njiani. Njia yenyewe ilikuwa ndefu, maana alifika wiki ikiwa imekwisha, akasimama mbele ya hita mikono mfukoni, akaigonga kifuniko kwa kidole kama anayepima tikiti maji, akatamka: "Hii imeshajifia. Tafuteni nyingine." Akaondoka bila kufungua hata skrubu moja.

"Tutatafuta nyingine," mkunga alisema. "Kwa sasa tuvumilie, tuchemshe maji jikoni."

Wakavumilia. Lakini mchana mmoja kinyozi aliporudi kutoka dukani kuja kula, alimkuta mama mkwe koridoni. Mkongojo kwapa la kushoto, na mkono wa kulia umeshika sufuria ya maji yanayotoa mvuke, anavuta hatua moja moja kuelekea bafuni, midomo ameibana kwa maumivu. Kinyozi aliruka akaipokea ile sufuria.

"Mama! Si ungeniita?"

"Uko kazini, mwanangu. Na mimi sijazoea kuitaita watu kwa sababu ya maji ya kuoga."

Alimpelekea maji bafuni, akafunga mlango, akatoka nje. Chakula alichojia hakukigusa. Mama wa watu, mgeni wake, mama wa mkewe, anabeba maji ya moto kwa mguu mmoja ndani ya nyumba yenye mwanamume mzima! Akaenda kusimama mbele ya hita. Alikuwa bado amesimama pale mama mkwe alipotoka, amejifunga kitambaa kichwani, akaja na mkongojo wake hadi mlango wa jikoni.

"Unaitazama kama mwanafunzi aliyesahau somo," alisema.

"Naitazama tu, mama. Kuigusa sithubutu. Unajua wanavyoniita."

 Mama mkwe aliinua birika la chai la jikoni, akalifunua. "Hebu njoo. Birika lenu hili mmewahi kulichungulia ndani?"

Kinyozi akachungulia. Ndani kote kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, kama ganda la yai. Mama mkwe akaubandua kwa ukucha, kipande kikaanguka kiganjani.

"Maji ya mtaa huu yana chokaa," alisema. "Hili ni birika la chai ya asubuhi tu, na limevaa koti hivi. Sasa hicho kisanduku kinachopitisha maji ya nyumba nzima?"

Kinyozi alikitazama kile kipande. Halafu akaitazama hita. Akaingia ndani mbio, akapekua kabati hadi akapata kijitabu kilichokuja na hita siku ilipofungwa, bado kiko kwenye mfuko wake wa nailoni. Akakisoma amesimama. Ilikuwemo sura nzima ya kuisafisha: hita isafishwe kila mwaka kwa kuzungusha siki nyeupe ndani ya vibomba vyake ili iyeyushe chokaa. Michoro ilikuwepo, mishale ilikuwepo. Na wao, tangu wainunue, hawakuwahi hata kuifuta vumbi.

"Haijafa," alisema, sauti imeanza kumpanda. "Imezibwa koo!"

"Basi izibue."

"Mimi, mama?"

Mama mkwe akavuta kiti akaketi, goti amelinyoosha mbele. "Nikuulize. Zile mashine zako za kunyolea, kule dukani, huwa unazivunja?"

"Hata siku moja."

"Anakusafishia nani?"

"Nasafisha mwenyewe. Kila jioni nafungua meno, napiga brashi, natia mafuta. Usipoisafisha inamng'ata mteja."

"Na kwa nini huzivunji?"

Kinyozi alifikiri. Hakuwahi kuulizwa swali hilo, wala kujiuliza. "Kwa sababu sina haraka nazo," alijibu mwishowe. "Hapa nyumbani nikishika kitu, nataka kimalizike kabla mke wangu hajaja kunisimamia. Nalazimisha."

"Leo hayupo, yuko wodini hadi jioni," mama mkwe alisema. "Na mimi sina pa kwenda. Goti lenyewe ndilo hili."

"Vifaa amevificha."

Mama mkwe akatabasamu. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa. Tangu akiwa mdogo, kitu chake cha kuficha hakijawahi kuvuka chumba cha kulala. Ukitaka cha mvunguni?"

"Sharti niiname," kinyozi alimalizia, na tayari alishaanza kutembea. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya mabegi, limefunikwa blanketi kuukuu kama mgonjwa aliyelazwa.

Alifunga duka kwa mchana ule. Akanunua siki nyeupe, madumu mawili. Mipira ya maji alikuwa nayo. Kilichobaki ni pampu ndogo ya kuzamisha ndani ya ndoo, na hapo akamkumbuka jirani yao mwenye kuuza miche, aliyekuwa akimwagilia bustani yake kwa pampu ya namna hiyo. Jirani alimpa, ila kwa jicho la mashaka.

"Unaenda kufanya nayo nini, Kimbunga?"

"Naenda kuisafisha hita."

"Aa," alisema jirani, kisha akaongeza kwa upole, kama anayemuaga msafiri, "Haya. Mungu akutangulie."

Kazi ilianza. Kinyozi alikiegemeza kijitabu kwenye chungu cha maua, mama mkwe akawa ndiye msomaji, miwani puani. Alisoma mstari, kinyozi akatenda, ndipo akasoma mwingine. Zima umeme wa hita. Akazima. Funga gesi. Akafunga. Subiri ipoe. Wakasubiri. Funga koki ya maji baridi yanayoingia na koki ya maji moto yanayotoka. Ya maji moto ilifunga vizuri. Ile ya baridi ilikuwa ngumu, imeganda kwa kutoguswa, ikageuka kidogo ikagoma.

"Imefunga," alisema kinyozi.

Chini ya koki hizo palikuwa na vimidomo viwili vyenye vifuniko, ndipo mipira inapofungwa. Akalegeza kifuniko cha upande wa baridi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba koki haikufunga. Maji yaliruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia, yakampiga kinyozi usoni, yakampita, yakamfikia mama mkwe kitini pamoja na miwani yake na kitabu chake.

Kinyozi alikibana kile kimdomo kwa kiganja, maji yakichuruzika mpaka kwenye kwapa.  Alilijua vizuri jambo linalofuata: angeshika spana kubwa, angelazimisha, kitu kingekatika, na nyumba ingekuwa ziwa. Mkono wake mwingine ulishaanza kulisogelea sanduku.

"Maji ukiyavulia nguo?" sauti ya mama mkwe ilitoka nyuma yake, tulivu kabisa.

Kinyozi akageuka. Kitambaa cha kichwa kilimshukia mama mkwe hadi jichoni, maji yanadondoka kidevuni.

"Huna budi kuyaoga," alijibu kwa woga.

"Mimi hata kuvua sijavua, nimeshaoga."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mkongojo ukaanguka, na kinyozi naye akacheka, kiganja bado kimebana kimdomo. Kicheko kilipokwisha, haraka nayo ilikuwa imemtoka. Aliacha spana mahali pake. Akachukua taulo, akalizungushia kwenye mkono wa koki, akageuza taratibu, akarudisha nyuma kidogo, akageuza tena, kama anavyokilainisha kichwa chenye nywele zilizosokotana kabla ya kupitisha kitana. Koki ikalia kidogo, ikaachia, ikageuka hadi mwisho. Maji yakakatika.

"Soma, mama," alisema.

Wakafunga mipira. Mmoja ulitoka kwenye pampu iliyozama ndani ya ndoo ya siki kwenda upande wa baridi, wa pili ukatoka upande wa moto kurudi kwenye ndoo ile ile, ili siki ipande, izunguke ndani ya hita, ishuke, ipande tena. Kinyozi alikagua kila kiungo kwa kidole kabla ya kuichomeka pampu. Ikavuma. Mpira wa pili ukatetemeka, ukakohoa hewa, kisha ukaanza kumimina.

Mwanzoni siki ilirudi kama ilivyokwenda. Wakatazamana. Baada ya muda ikaanza kuwa na povu, halafu ikawa na ukungu, halafu nyeupe kabisa kama maji ya kuoshea mchele, na chembe ngumu zikaanza kushuka na kulala chini ya ndoo.

"Yako wapi macho ya yule fundi!" mama mkwe alisema. "Aje amwone marehemu wake anavyotapika."

Kijitabu kilitaka siki izunguke karibu saa nzima. Wakakaa pale, kinyozi juu ya ndoo nyingine iliyogeuzwa, mama mkwe kitini akijikausha na jua. Wakati huo kinyozi alitafuta chujio la maji, lile dogo linalokaa pale maji yanapoingilia. Akasimamisha pampu, akalitoa, akaziba nafasi yake, akaiwasha tena pampu. Lilikuwa limejaa mchanga na utando wa kijani. Akaenda chumbani akarudi na brashi yake ndogo ya kufutia nywele shingoni, akalisugua tundu kwa tundu, akaliinua juani akalitazama, akalisugua tena.

Mama mkwe alikuwa akimtazama. "Nilikuja siku moja dukani kwako kumsubiri mwanangu," alisema. "Ulikuwa unamnyoa mzee mmoja kipofu. Ulimaliza, ukampa kioo akishike, ukamweleza kichwa chake kilivyopendeza, mbele, pembeni, nyuma. Yule mzee alitoka amenyooka mgongo. Nikarudi nyumbani nikasema moyoni, binti yangu kaolewa na mtu mwenye mikono. Haya ya Kimbunga ni maneno ya mwanangu wa kiume, mpenda utani, nami simkatazi, lakini mimi sijawahi kukuita hivyo. Umenisikia hata siku moja?"

Kinyozi alifikiri, akaona ni kweli. Hakuwahi. Akainamia chujio, akaendelea kulisugua ingawa lilikwisha takata zamani, maana hakutaka aonekane machoni.

Siki ilipomaliza kazi, aliimwaga, akafungulia maji safi yapite na kusuuza vibomba. Mama mkwe akawa anakinga kiganja na kunusa. "Bado." Akanusa tena. "Bado kidogo." Kisha akaonja kwa ncha ya ulimi. "Maji." Chujio likarudi mahali pake, mipira ikatoka, vifuniko vikafungwa, koki mbili zikafunguliwa. Skrubu hazikubaki, maana hakuna aliyezifungua.

Akawasha umeme. Akaingia jikoni, akafungua bomba la maji moto. Hita ikatatarika, tik, tik, tik. Ikanyamaza. Kitaa chekundu kikakonyeza.

Kinyozi alifunga bomba. Alisimama mlangoni, mikono imening'inia. Mchana mzima! Na mama wa watu ameloweshwa bure. Akayasikia kabisa maneno ya shemeji yake, hata kicheko.

"Usilazimishe," mama mkwe alisema. "Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Alifuata kila kitu kwa kidole, huku akitaja kwa sauti: umeme umewashwa, koki ya baridi iko wazi, koki ya moto iko wazi, chujio limekaa. Kidole kikafika kwenye bomba la gesi. Mkono wa koki ya gesi ulikuwa bado umelala upande, vile vile alivyoufunga mwenyewe.

"Mama," alisema. "Unaweza kupika bila moto?"

Akaufungua. Akarudi jikoni, akafungua bomba. Tik, tik, halafu ikasikika *fuu*, nzito na laini, ya moto unaoshika sawasawa. Wakangoja, wote wawili wameinamia sinki kama wanaosubiri kifaranga kitoke yaini. Maji yakawa baridi, yakawa vuguvugu. Mama mkwe akatia vidole. Ghafla akavirudisha, akavipuliza.

"Umeniunguza, mwanangu!" alisema, na uso wote uling'aa. "Hongera!"

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuoga. Kinyozi alibaki nje, akakaa chini mbele ya hita, akaisikiliza ikivuma. Haikukatika, wala haikukohoa. Maji yalikwenda, yakaenda, na kutoka bafuni akasikia mama mkwe akiimba wimbo usio na maneno, wa mtu ambaye goti limemwachia. Kinyozi alikuwa amelowa, ananuka siki, kucha zimeingia chokaa. Hakukumbuka siku nyingine aliyojisikia mtanashati namna ile.

Jioni mkunga alirudi. Alisimama mlangoni, pua juu.

"Mbona nyumba inanukia saladi?"

 Akatazama dari, akatazama sakafu, akapita chumba kwa chumba akihesabu hasara, asione hasara. Akaingia bafuni na sufuria yake mkononi kama kawaida, na humo ndani akafungua bomba kwa mazoea.  Halafu akakaa huko muda ambao hajawahi kukaa. Alipotoka, ngozi imelainika na macho yamelegea kwa raha, sufuria alikuwa ameisahau.

"Mama, fundi alikuja?"

"Alikuja," mama mkwe alisema. "Mtu mpole. Msafi. Tena hasemi yuko njiani, anafika."

"Nipe namba yake, niiweke."

"Unayo. Umeihifadhi kwa jina la mume."

Mkunga aligeuka akamtazama mumewe, aliyekuwa anakitazama kikombe chake cha chai kana kwamba kimeandikwa habari za dunia.  Akachukua simu, akawasha tochi, akatoka nje. Walimsikia akizunguka. Aliinama chini ya hita akatafuta tone, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, taratibu, kama anavyomkagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi, vidole vya mikono kisha vya miguu. Pakavu. Akaiona ndoo pembeni, na mashapo meupe yaliyogandamana chini yake. Akayachota, akarudi nayo ndani kiganjani.

"Haya yote yalikuwa mle?"

"Mengine niliyamwaga," kinyozi alisema.

Mkunga alimwangalia usoni. "Unajua una uso gani sasa hivi? Ni uso ule wa baba niliyempakatisha mtoto wake wa kwanza. Hata hawezi kuongea. Nauona kila siku kazini, sikujua kama nitauona hapa mezani." Akaweka chokaa kwenye kisahani, akanawa, akaenda akamshika mumewe mabega kutoka nyuma. "Nilikukosea. Nilificha sanduku, nikakuficha na wewe."

"Nilikuwa nastahili," kinyozi alisema. "Ile feni..."

"Feni ni ile. Leo ni leo."

Kabla ya kulala mkunga alimpigia simu kaka yake, akaweka sauti juu ili watu wote wasikie. Kaka alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Dada yake akamweleza tangu siki hadi chujio, na alipofika kwenye koki akaieleza kwa ufasaha kana kwamba alikuwepo. 

"Shemeji," sauti ikasema hatimaye, bila utani hata chembe, "hebu nieleze. Hita yangu nayo ina miezi inakohoa."

"Soma kwanza kijitabu chake," kinyozi alimjibu. "Halafu nitakuja tusaidiane."

Habari hazikukaa ndani. Kinyozi aliporudisha pampu, jirani mwenye miche aliipokea, akaigeuza akaona ni nzima na imeoshwa, akamtazama upya kuanzia viatu hadi kichwani. Jumapili asubuhi akabisha hodi. Hita yake pia ilikuwa imeanza kununa, na yule fundi alikuwa njiani.

Walikwenda wote watatu. Mkunga alibeba siki, mama mkwe alitembea polepole kwa mkongojo wake huku akimweleza jirani namna siki inavyopanda na kushuka, na kinyozi alitangulia na ndoo. Hita ya jirani ilikuwa ya aina nyingine, koki zake zimekaa kushoto. Kinyozi aliizunguka, akaitazama juu na chini bila kuigusa. Kisha akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaomba kijitabu, na akaomba kiti kizuri kwa ajili ya mama mkwe.